Mkono Alioukana

Siku ya kwanza fundi Redio alilalamika tu.

"Shemeji, toa huo mkono mmoja, unaniziba."

Mwelekezi akatazama chini. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika kikombe cha chai, mbali na meza.

"Mkono gani?"

"Huo wa kulia. Umeunyoosha hapo kwenye geji tangu nimefika. Nimeshaiona geji, mama, mimi si kipofu."

Ilikuwa saa nne asubuhi na jua limejaa dirishani. Kwenye skrini yake mwelekezi aliona alichokuwa anakiona Redio: bomba, geji, kutu, na vidole vya Redio vyeusi kwa grisi. Mkono mwingine hakuuona. Akasema mtandao unasumbua, akaweka kikombe chini, kazi ikaendelea. Hakushtuka hata kidogo. Ulikuwa mwezi wa nane sasa tangu msiba, na hakuna kitu kinachomshtua.

Kazi yenyewe inataka maelezo kidogo, maana watu wakisikia kwamba mtu anatengeneza boila bila kutoka ofisini hudhani ni porojo. Chumbani kwa mwelekezi kulikuwa na meza iliyopakwa rangi nyeusi, na juu yake kamera inayotazama chini. Fundi aliyeko kwenye boila, maili nyingi kutoka hapo, anavaa kofia ngumu yenye kamera ya kwake na kipande cha kioo mbele ya jicho. Mwelekezi akiweka mikono mezani, mikono ile inatokea kwenye kioo cha fundi, imeelea juu ya mabomba yenyewe, kama vile mwelekezi amesimama nyuma yake na kupitisha mikono begani kwake. Vyumba vya boila vina kelele ya kupasua masikio, sauti inafika nusu nusu. Kwa hiyo ofisi iliandika ukutani kwa herufi kubwa: SAUTI INASAIDIA, MKONO UNAAMUA.

Kidole ni hapa. Kiganja wazi ni subiri. Ngumi ni acha kabisa. Dole gumba ni fanya. Mikono miwili ikipingana, wa kulia ndio unaofuatwa. Na kabla ya kugusa kitu cha hatari, fundi anatakiwa "kuvaa mkono": anapeleka mkono wake chini ya picha ya mkono wa mwelekezi mpaka kidole kikae ndani ya kidole, kiganja ndani ya kiganja. Mwelekezi akizungusha, naye anazungusha. Fundi aliyevaa mkono hafikirii, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Mafundi wengi walisema ukizoea unajisikia umeshikwa.

Mwelekezi huyu alikuwa na kijitabia chake. Kabla ya kuonyesha kitu hugonga meza kwa kidole mara mbili, tok, tok. Mume wake alikuwa akimtania kwamba anabisha hodi kwa boila.

Mume wake naye alikuwa fundi wa kofia. Walimwita Chuma. Redio ni mdogo wake Chuma, na jina la Redio hakupewa bure. Tangu anavaa kofia mpaka anaivua mdomo haumtulii: atakuambia habari za mpira, za jirani, za mama yake aliyekataa kununuliwa jiko jipya, na spana iko mkononi inafanya kazi yake. Chuma alikuwa mkimya. Alikufa mkimya vilevile, kwenye kiwanda cha sabuni, mbele ya valvu mbili zilizokaa pamoja kama mapacha, moja ya maji na moja ya mvuke.

Siku ile mwelekezi alikuwa amegeuza shingo. Meza ya pili mtu alisimulia kituko cha msimamizi na tai yake iliyonaswa mlangoni, na yeye akacheka, akageuka kumwona anayesimulia, na huku nyuma mkono wake wa kulia ukagonga mara mbili na kuonyesha. Haukuonyesha ya maji. Chuma akavaa mkono. Mwelekezi alipogeuka bado ana kicheko mdomoni, skrini ilikuwa nyeupe tupu.

Ofisi iliunda kamati ya watu watano. Wakamwonyesha picha ya mwisho, imefifia, mkono juu ya valvu, wakauliza, "Huu ni mkono wako?" Akasema si wangu. Mtandao uliganda, hiyo picha ni ya zamani, mkono wangu haukuwa mezani. Wakauliza tena ili waandike. Akasema tena: si wangu. Jioni, nyumbani, mama mkwe naye akauliza kwa sauti ya chini, Redio amesimama mlangoni, na mwelekezi akasema kwa mara ya tatu, "Mama, mkono ule si wangu." Mama mkwe akaushika mkono huo huo akaubusu.

Tangu saa ile mwelekezi hakulia. Hakulia msibani, hakulia baada ya msiba, hata watu wakaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni. Alikula akipewa, alilala giza likiingia. Mkono wa kulia ulikuwa unakufa ganzi, inakuja na kuondoka, naye akaona ni sawa tu, kwani hakuna mahali popote mwilini alipokuwa anajisikia. Wazazi wake mwenyewe walishafariki, ndugu wa tumbo moja hana. Alikuwa amebakiwa na watu wawili duniani, mama mkwe na Redio, na wote wawili aliwashika kwa uongo mmoja.

*

Baada ya siku ile ya kikombe, mambo yakaanza kujipanga.

Kwanza ilikuwa harufu. Sabuni ya moto, ile inayochemka kabla haijakatwa vipande, ikimjia wakati wa chakula cha mchana chumba kikiwa kitupu. Akadhani ni msafishaji. Akaenda kuchungulia kwenye korido, korido ilinuka vumbi tu.

Kisha sauti. Alikuwa amesimama dirishani, mkono wa kulia umekufa ganzi unaning'inia tu, akasikia nyuma yake tok, tok. Akageuka. Meza nyeusi, taa, hakuna mtu. Akangoja. Ikagonga tena, polepole, kama mtu asiye na haraka ya kufunguliwa. Alijua anatakiwa aogope. Alijichunguza akitafuta huo woga akaukosa, akakaa akamalizia chakula chake.

Siku ya tatu Redio aliungua.

Kilikuwa kijibomba tu, cha kutolea hewa. Mwelekezi alimwonyesha ngumi, aache, bado kina moto. Redio akapeleka mkono, akapiga yowe, kofia ikayumba, skrini ikaonyesha dari kisha sakafu.

"Shemeji! Wewe vipi? Umeniambia nifanye!"

"Nimekupa ngumi, Redio."

"Wa kushoto umenipa ngumi! Wa kulia ukanipa dole gumba! Sasa mimi nifuate upi kama si wa kulia?"

Mwelekezi akautazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa pajani, chini ya meza, baridi, hauna habari.

Alipobaki peke yake akafungua rekodi. Tangu kifo cha Chuma kila kazi hurekodiwa mara mbili, meza peke yake na kioo cha fundi peke yake. Kwenye rekodi ya meza uliingia mkono mmoja tu, wa kushoto, umekunja ngumi. Kwenye rekodi ya kioo ilikuwepo mikono miwili. Akairudisha nyuma, akaisimamisha. Mkono wa kulia ulikuwa na kovu la pasi juu kidogo ya kifundo, kovu alilolipata akiwa darasa la saba. Kucha ya kidole cha kati imepasuka, kama yake ilivyopasuka asubuhi ile. Ulikuwa mkono wake kabisa, isipokuwa ulitokwa na mvuke.

*

Kulikuwa na mkandaji nyuma ya duka la dawa, mwanamke mnene mcheshi aliyekuwa akinyoosha shingo zilizokakamaa na miguu ya wachezaji mpira. Watu walisema anajua na mengine, lakini mwenyewe hakuandika hayo kwenye kibao chake. Mwelekezi alikwenda kwa ajili ya ganzi. Ndivyo alivyojiambia.

"Ganzi ya lini hii?" mkandaji akauliza, anatafuna karanga.

"Miezi minane."

"Miezi minane ndiyo unakuja leo? Nyinyi watu wa ofisini mnapenda kukaa na magonjwa kama mnayafuga."

Akamwaga mafuta, akaanza kukanda kutoka begani kushuka. Alikuwa anaongea habari za mafuta kupanda bei. Alipofika kwenye kifundo akaacha kuongea, na baadaye kidogo akaacha kutafuna. Akaugeuza mkono, akaweka sikio juu ya kiganja, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Nani anautumia huu mkono?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mimi."

"Wewe hapana. Wewe umeubeba tu." Akaenda akafunga mlango, akarudi akakaa karibu zaidi. "Niambie kweli, dada yangu. Uliwahi kuukana?"

Mwelekezi akautazama mkono.

"Mbele ya watu?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Mkandaji akajifuta mafuta kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Kuna majini hawaibi," alisema, bado kwa sauti ya kunong'ona. "Wapo wanaookota. Ukisimama mbele za watu ukasema kitu si chako, na ukakazania, umekiacha bila mwenyewe. Yeye anapita anachukua. Tena hana ubunifu, maskini ya Mungu. Anakitumia kwa kazi ileile aliyokikuta kinafanya."

"Kazi gani?"

"Hiyo unaijua wewe, mimi sikuwepo."

"Kuna dawa?"

"Nikuuzie dawa ya uongo nipate dhambi bure? Haya mafuta ni ya maumivu tu. Aliyekana ndiye anayerudisha. Useme ni wako, kwa mdomo wako mwenyewe, na uliyemdanganya asikie. Akisema mtu mwingine kwa niaba yako, ni kazi bure."

"Na nisiposema?"

Mkandaji alimtazama usoni kwa mara ya kwanza, na huruma aliyokuwa nayo ikawa imechanganyika na kitu kingine, kama mtu aliyekumbuka kwamba watoto wake wako chumba cha pili. "Dada, wewe nenda," akasema. "Lipia siku nyingine."

Alitembea mpaka nyumbani akiwaza kwa utaratibu, bila moyo kumwenda mbio. Akisema, Redio atajua. Redio akijua, mama mkwe atajua. Mama mkwe aliyekuwa anampigia simu kila siku saa moja asubuhi kumuuliza kama amekunywa chai. Akaona afadhali afanye kazi kwa mkono wa kushoto, na wa kulia aufunge.

*

Alimwomba msimamizi ampumzishe. Msimamizi, yuleyule wa tai, akasema mwelekezi mwenzake yuko likizo ya uzazi, boila la chumba cha kufulia cha hospitali linavuja, wodi nzima haina shuka safi, na Redio ameshafika pale tangu asubuhi. "Kazi ya nusu saa tu," akasema.

Mwelekezi akakaa mezani. Akaufunga mkono wa kulia kwenye mguu wa kiti kwa mtandio wake, mafundo mawili. Ulikuwa umeshakufa ganzi mpaka kwenye kiwiko.

"Shemeji! Habari ya tangu jana!" Redio alikuwa anapiga kelele kuishinda mitambo. "Mama amesema Jumapili usipike, uje kwetu. Amesema umekonda. Mimi nimemwambia hajakonda, ni kamera!"

"Redio, nisikilize. Leo fuata mkono wa kushoto tu."

"Sikusikii!"

"Wa kushoto! Wa kulia usiufuate!"

"Wa kulia nifuate, sawa, hiyo najua!"

Alisogea. Kwenye skrini zikatokea valvu mbili, zimekaa pamoja, moja ya maji na moja ya mvuke, na sindano ya geji imelala mwisho kabisa upande mwekundu. Harufu ya sabuni ya moto ikajaa chumbani. Mwelekezi akaweka kiganja cha kushoto mezani, wazi: subiri.

Tok, tok.

Safari hii aliuona na yeye. Uliingia kwenye skrini kutoka chini, polepole, mkono wa kulia wenye kovu la pasi na kucha iliyopasuka, ukanyooka juu ya mabomba ukakaa juu ya valvu ya mvuke, ukaikumbatia vizuri kwa vidole vitano, kisha ukainua dole gumba.

"Nimekuona, shemeji!" alisema Redio. "Navaa mkono!"

Mwelekezi akakunja ngumi ya kushoto, akaisogeza ngumi ile mpaka machoni mwa kamera, akapiga kelele acha, acha, Redio acha, na kwenye skrini ngumi ikaonekana lakini ilikuwa ya kushoto, na mikono miwili ikipingana wa kulia ndio unaofuatwa, yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo, alimfundisha mezani kwake wakicheka, akampiga kijembe kwamba mtu mwenye mdomo mkubwa namna ile lazima ana masikio madogo, na sasa alikuwa anauona mkono wa Redio ukipanda kutoka chini, wenye grisi, wenye plasta kwenye kidole alichoungua, ukiutafuta ule mwingine taratibu ili vidole viingie ndani ya vidole.

"Zima!" akamwambia msimamizi aliyekuja mbio kwa zile kelele, "zima kila kitu!", na msimamizi bila kuuliza akachomoa waya wa kamera, akachomoa waya wa taa, akachomoa na ule mkubwa wa ukutani, tai ikimning'inia, meza ikawa nyeusi tii, na skrini iliyokuwa haina umeme wala mtandao ikaendelea kuonyesha boila, na mkono ukiwa palepale unatoa mvuke kwenye kucha, na sauti ya Redio ikaendelea kuja kutoka kwenye spika isiyo na waya wowote, anaimba kwa pua kama alivyozoea anapofanya kazi ya makini, kidole cha kwanza kimeshaingia, cha pili kimeshaingia, msimamizi anarudi nyuma mpaka mgongo umegusa ukuta na anasema kwa sauti iliyokatika, "Hiki nini, jamani, hiki ni nini?"

Sauti inafika nusu nusu. Mwelekezi akatafuta neno ambalo Redio atalisikia hata akiwa katikati ya radi.

"Chuma!" akaita. "Redio, Chuma!"

Kuimba kukakatika.

"Umesema nini?"

"Mkono ule ulikuwa wangu. Kiwandani. Mimi ndiye niliyemwonyesha kaka yako."

"Shemeji, sikusikii vizuri."

Alikuwa anamsikia. Ilijulikana kwenye sauti.

"Mtandao haukuganda. Nilikuwa nacheka, nimegeuka, sikutazama. Mkono ni wangu, Redio. Huu hapa ni wangu. Nilikudanganya na mama nilimdanganya."

Kwanza maumivu. Yalimwingia kwenye ncha za vidole yakapanda mpaka begani, moto wa maji yaliyochemka, ndiyo mara ya kwanza kwa miezi minane kujisikia kitu, na akapiga yowe mpaka msimamizi akaziba masikio. Kwenye skrini mkono ulikunjamana, ukafifia, valvu ikabaki valvu tu, na mkono wa Redio juu yake, peke yake. Kisha Redio akauondoa. Akauvuta taratibu mpaka kifuani.

Boila lilipiga kelele zake. Redio alivua kofia akaiweka chini, kamera inatazama dari yenye masizi, na nyuso mbili tatu za wafuaji zikainama kuchungulia.

"Unaongea na nani?" mmoja akamuuliza.

"Sijui," ilisema sauti ya Redio, ya upole, tofauti na siku zote. "Mtu mmoja tu."

"Si shemeji yako yule wa kila siku?"

"Si shemeji yangu. Sisi kwetu hatuna mtu kama huyo."

Skrini ikazimika.

*

Alipewa likizo bila kuiomba. Msimamizi aliiandika haraka na hakumtazama machoni.

Mkono ulipona. Ulikuwa unauma, unawasha, unasikia baridi ya bomba na joto la kikombe. Mwelekezi alikaa nyumbani akiushika kwa ule wa kushoto. Redio yuko hai, alijiambia, na hilo lilikuwa kweli, na lilitosha. Saa moja asubuhi simu haikulia. Kesho yake haikulia tena. Siku hiyo ya pili binamu mmoja wa mbali alimtumia ujumbe mfupi: mama amekusanya watu wote sebuleni, amesema wewe si mtoto wake, ametaka asisikie jina lako. Redio naye amerudia. Pole.

Akausoma mara mbili, akaenda kukosha vyombo. Maji yalikuwa ya moto. Mkono wa kulia ulilijua hilo. Wa kushoto haukujua.

Siku ya tatu aliamka miguu haipo. Ilikuwepo, aliiona imelala kitandani, lakini alipoikanyagia chini ilikuwa kama kukanyagia miguu ya mtu mwingine. Akajikokota mpaka mlangoni kupata hewa. Jirani alikuwa anafagia.

"Umesharudi?" jirani akasema. "Mbona asubuhi umenipita bila salamu? Nimekuita, umebeba begi lako, hata hukugeuka. Na yale manukato, khaa! Kama umeoga pipa zima la sabuni."

Mwelekezi alirudi ndani akakaa chini, maana goti halikuwa linamtii tena. Alikuwa anamkumbuka mkandaji, neno kwa neno. Mbele ya watu. Mara tatu. Redio kwa wafuaji, mama sebuleni, Redio tena sebuleni. Na aliyekana ndiye anayerudisha.

Akachukua simu kwa mkono wa kulia, mkono uliokuwa wake, akampigia Redio. Iliita sana. Ganzi ilikuwa imefika kifuani na sasa ilimpanda kooni bila fujo, na yeye hakupigana nayo. Aliizoea.

"Haloo?" Nyuma ya sauti ya Redio kulikuwa na vicheko vya watu, na sufuria.

"Redio." Ulimi ulikuwa mzito, sauti ikamtoka ngeni hata kwake mwenyewe. "Sema mimi ni wenu. Sema tu hivyo. Sikuombi kingine."

"Nani mwenzangu?"

"Shemeji yako."

Redio akajibu kwa upole, yule Redio wa zamani kabisa, mwenye maneno mengi.

"Dada, usinifanyie hivyo. Shemeji yangu yuko hapa. Amekuja asubuhi na begi lake, amepiga magoti mbele ya mama, amelia. Tangu kaka afe hakuwahi kulia yule, leo amelia mpaka na sisi tukalia. Tumemsamehe. Yuko hapa anakunja shuka na mama."

Mwelekezi akagusa shavu lake. Lilikuwa kavu, na halikusikia kidole.

"Redio, mtazame mkono wa kulia. Mtazame kama ana kovu..."

Kwenye simu, karibu sana, juu ya mbao ya meza, kitu kiligonga. Tok, tok.

"Umeona, ananiita nikale," alisema Redio. "Sasa sikiliza, dada. Hii namba ni ya kwake. Kama hiyo simu umeiokota mahali, mrudishie mwenyewe."